Mwaka wa Simu ya Kwaya

Dorika alipofika kwangu Mbarara mwezi uliopita, baada ya miaka mingi ya kuishi nchi ya baridi, hakuanza kwa kuuliza habari za watoto. Alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, akaichukua simu yangu mezani kama mtu anayechukua kikombe chake mwenyewe, akaanza kutazama nafuata kurasa gani mtandaoni. Nilimwacha. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, mlango uko wazi, na sombe, mboga ya majani ya mihogo, inatokota pembeni. Nilimsikia akicheka hapa na kuguna pale. "Yaya Faida," akasema, kwa ile yaya ya kwetu, yaani dada mkubwa, "hawa bado uko nao?" Sikuhitaji kuuliza ni akina nani. Akasema yeye aliwatoa zamani, alichoka, matusi mingi. Nikamjibu kwamba mimi sijawatoa na sitawatoa. Akatikisa kichwa. "Ile kichwa ngumu yako haijaisha tu."

Haijaisha, na sina mpango wa kuimaliza. Vijana wa siku hizi huniuliza wamfuate nani na wamwache nani, na wengine hudhani jambo hilo ni dogo, la kidole tu. Kwangu halikuwa dogo. Mwaka 2014, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, niliondolewa kwenye kwaya kwa sababu yake. Nitaeleza polepole, kwa maana aliyekua na simu yake mfukoni huenda asielewe jinsi watu thelathini walivyoweza kuwa na akaunti moja. Sitaanza na nilikotoka wala nilivyofika kambini; hayo kila mtu wa kule anayo ya kwake, na yanafanana kuliko tunavyopenda kukubali. Naanza na simu.

Mwimbaji wetu mmoja wa sauti ya tatu, siku ya kusafirishwa ng'ambo, aliiacha simu yake ya kugusa mikononi mwa kwaya. Wengi wetu tulikuwa na simu za tochi, za kupiga na kupokea tu. Basi tukafungua akaunti kwa jina la kwaya, na mimi nikapewa kuitunza. Walinichagua kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule na kwa sababu, walisema, sina haraka ya kukasirika. Baadaye walibadili mawazo juu ya hilo la pili. Kila Jumamosi baada ya mazoezi nilisimama pale anaposimama mwimbishaji, nikawasomea kwa sauti yale yaliyoingia wiki ile, na picha nikaipitisha mstari kwa mstari. Kanisa letu lilikuwa la udongo, paa lake turubai isipokuwa juu ya madhabahu palipowekwa mabati, na viti vyetu vilikuwa matuta ya udongo yaliyolainishwa kwa miaka ya kukaliwa. Nyuma yake Mama Pasta alikuwa anapika maharagi, na harufu yake iliingia pamoja na moshi. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharagi yaliyokaribia kuungua, kidole changu kinatafuta kioo cha simu.

Bando letu la intaneti lilikuwa dogo, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Ukifuata kurasa nyingi, picha zinameza bando kabla ya Jumamosi. Ukifuata chache, unapata zile tu, na mengine ya dunia yanapita mbali nawe. Kwa hiyo tuliamua kama kwaya inavyoamua mambo yake: kwa sauti. Kila sauti ichague ukurasa mmoja. Sauti ya kwanza walichagua magauni ya harusi, na hawakuchukua muda. Sauti ya tatu wakachagua mpira, wakazomewa na sauti ya kwanza, wakajibu kwamba hata bwana harusi anahitaji kitu cha kutazama wakati bibi harusi anachelewa. Sauti ya nne, wanaume wazito wa nyuma, walichagua ukurasa ulioitwa Wana wa Bonde, uliotoa habari za kwetu, kule chini kwenye mashamba. Sauti ya pili walikuwa wameshakubaliana juu ya mwanamke mmoja wa Kampala anayefundisha kusuka nywele. Ndipo Dorika, aliyekuwa amekaa mwisho wa mstari wao, akainua mkono, akaomba wabadilishe. Aliomba ukurasa ulioitwa Ukungu wa Kwetu.

Lazima niseme hapa kwaya yetu ilikuwa ya watu gani. Tulikuwa watu wa bonde, wakulima kama mimi, pamoja na watu wa milimani, wafugaji kama Dorika. Kwetu pande hizo mbili zilifanyiana mambo ambayo sitayarudia. Nakivale ilituweka kwenye bomba moja la maji na kwenye kitabu kimoja cha nyimbo, tukajifunza kusimama karibu. Ukungu wa Kwetu ulikuwa ukurasa wa watu wa milimani. Ulitangaza nani amezaliwa, nani ameoa, nani amekufa, kijiji gani kimehama na kimehamia wapi. Mama yake Dorika alibaki kule. Siku ya kukimbia alikataa kuwaacha ng'ombe wake, na kilima chake hakikuwa na mtandao wa simu. Tangu hapo Dorika hakujua kama yuko hai au aliuawa. Hakuwaeleza sauti ya pili mengi. Alisema tu, "Labda siku moja watamutaja mama." Mama mmoja mnene aliyekuwa kiongozi wa sauti ile akamtazama, akasema nywele watasuka vilevile, hata bila mwalimu wa Kampala. Nikabonyeza. Nakumbuka Dorika aliniletea chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati siku iliyofuata, na hakusema ni ya nini.

Habari ilimfikia Papa Shemu. Huyu alikuwa mkuu wa komite ya wazee wa kanisa, mtu wa bonde kama mimi, na nisingependa mumfikirie vibaya. Nilipofika Nakivale alinisaidia kusimamisha nguzo za nyumba yangu bila kuombwa. Lakini kwao kule bondeni alizika watu wengi, na jina la ukurasa ule lilimwingia kama mwiba. Niliitwa kwenye chumba cha komite nyuma ya kanisa. Nilikaa nje kwenye kivuli cha ukuta nikingoja, na ukuta wa udongo hauzuii maneno. Nilimsikia Papa Shemu akisema jina la kwaya linaonekana pale kati ya wafuasi, kila mutu anaona, batatufikiri tuko bamoja nao. Mzee mmoja wa milimani akajibu kwa upole wenye makali: na ule wa sauti ya nne, ambao unatutukana kila wiki, nani alisema kitu? Kukawa na kelele kidogo, kisha sauti ya pasta ikazima zingine. Aliamua kurasa zote mbili zitolewe, na mahali pake wawekwe wahubiri. Nilisikia vikombe vikiwekwa chini. Ilikuwa sauti ya watu waliomaliza kazi, na kila upande uliona haukushindwa.

Niliingia. Juu ya meza kulikuwa na chupa ya chai na sahani ya mandazi, na Papa Shemu alinisogezea moja kabla ya kusema neno. "Faida, mutoto wangu," akasema, "toa ile mapaji, ile kurasa, yote mbili. Tumalize leo." Nilishika andazi mkononi. Nilimfikiria Dorika pale mwisho wa mstari, na nikaona jinsi amani yao ilivyokuwa safi: hakuna aliyepoteza kitu ila yeye peke yake, na yeye hakuwa chumbani.

"Sitatoa, Papa," nikasema.

Hakukuwa na mtu aliyezoea jibu hilo mle ndani. Pasta aliniuliza kama nimeelewa nilichoambiwa. Nikasema nimeelewa, na nikaanza kueleza, maana hiyo ndiyo tabia yangu. Nikasema kumfuata mtu mtandaoni si kumwunga mkono. Ni kama kukaa karibu na dirisha lake, unasikia anachosema, kizuri na kibaya, na ukitoka pale husikii tena. Kisha nikawakumbusha desturi yetu wenyewe. Katika kanisa letu hakuna mtu anayetengwa kabla hajasimama mbele na kusikilizwa. Aliyeoa mke wa pili alisikilizwa. Binti aliyepata mimba alisikilizwa. "Ata ule aliyechukua mabati ya kanisa," nikasema, "mulimusikiliza asubuhi mzima. Hizi kurasa, nani hapa amezisikiliza?" Hakuna aliyekuwa amezisoma, hata moja. Yule mzee wa milimani alikohoa ndani ya kikombe chake. Pasta alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki ananaswa kwa urahisi na sheria yake mwenyewe. Alicheka kidogo, akasema sawa: mwezi mmoja, kila Jumamosi, nisome zote mbili mbele ya kwaya na komite, kisha waamue. "Lakini usome yote," Papa Shemu akaongeza. "Usituchagulie."

Jumamosi ya kwanza ilipita vizuri mno. Wana wa Bonde walikuwa na bei za mihogo na kifo cha mwalimu aliyewahi kuwachapa viboko nusu ya sauti ya nne. Walimlilia kwa kucheka. Ukungu wa Kwetu walikuwa na harusi, na ng'ombe waliotajwa kwa majina kama watu, na picha ya daraja la mawe mtoni. Picha ile ilipozunguka ilikaa muda mrefu kwenye mkono wa Papa Shemu kabla hajaipitisha. Baadaye Mama Pasta alitugawia maharagi, na wazee wakala pamoja nasi, jambo ambalo halikuwa kawaida yao.

Jumamosi iliyofuata niliyaona maneno kabla ya kuyasoma. Mtu mmoja aliyejiita Fimbo, aliyeandika karibu kila siku kwenye Ukungu wa Kwetu, alikuwa ameandika kuhusu watu wa bonde. Nilinyamaza na simu mkononi. Wote walielewa kwa nini nimenyamaza. Ningeweza kuruka, hakuna ambaye angejua nimeruka nini, na labda ukurasa ungepona. Dorika akasema kutoka kwenye mstari wake, kwa sauti ndogo lakini tuliisikia wote, "Yaya, soma yote. Usiruke." Nikasoma. Fimbo aliandika kwamba mtu wa bonde ukimpa maji leo, kesho anarudi na jembe kudai kisima. Kwamba hana neno, hana asante, na watoto wake watakuwa hivyo hivyo. Niliyasoma maneno hayo juu yangu mwenyewe, kwa sauti ileile niliyosomea magauni ya harusi. Mwanaume mmoja wa sauti ya nne alisimama akatoka nje. Papa Shemu aliwatazama wenzake wa komite kama mtu aliyekwishathibitisha neno lake.

Ndipo Dorika akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama. Hata kwenye nyimbo zenye mwimbishaji alijificha nyuma ya mama mnene. Alikuja mpaka mbele, akasimama upande wangu, akaniambia niandike pale chini ya maneno ya Fimbo, kwa jina la kwaya. Nikaandika kama alivyosema. Alisema: sisi hapa Nakivale tuko watu wa bonde na watu wa milima, tunachota maji bomba moja, na dada anayesoma maneno yako ni wa bonde, na amenitunza kuliko wewe. Mimi ni Dorika, binti wa Mama Rusi, wa kilima cha juu ya daraja la mawe. Unayetukana, mama yangu angekuchapa. Kwaya ilicheka, hata mimi. Nikabonyeza, ikaenda.

Wiki ile matusi yalikuja kwa wingi. Wengine walituita wasaliti wa milimani, wengine walituuliza tunaimbia nani. Nilikuwa nikipeleka simu kuchajiwa kwenye saluni yenye sola, nakaa kwenye benchi katikati ya wanawake wenye vichwa nusu vimesukwa, nasoma huku nauma mdomo. Fimbo peke yake hakujibu. Mtu aliyeandika kila siku alinyamaza kabisa. Na Jumamosi ya tatu, nilipofungua mbele ya wote, jibu lake lilikuwa pale, refu, bila tusi hata moja. Nililisoma taratibu kwa sababu niliona linakokwenda na sikujua namna ya kulizuia. Aliandika kwamba anamjua Mama Rusi. Aliandika kwamba Mama Rusi alifariki msimu wa mahindi wa mwaka uliopita, nyumbani kwake, kitandani, kwa homa, na hakuguswa na mtu. Ng'ombe wake wawili bado wapo. Yeye Fimbo ni mmoja wa vijana waliochimba kaburi, chini ya kilima, mahali palipo na jua asubuhi. Na siku za mwisho alikuwa akimtaja binti yake.

Dorika hakulia mara moja. Aliuliza kitu kimoja: "Imeandikwa kitandani?" Nikamwonyesha neno lenyewe. Akaliwekea kidole. Miaka yote ile alikuwa amebeba kifo kingine kichwani, cha usiku, cha panga, na sasa alikuwa anakiweka chini. Ndipo akalia, na mama mnene wa sauti ya pili akamshika, na sauti ya nne, wanaume wale wa bonde, wakaanzisha wimbo wa msiba bila kuuliza ufunguo. Tulikaa matanga nyumbani kwake. Wa milimani walileta maziwa, wa bonde tulileta unga na ndagala, dagaa wa kwetu, na Papa Shemu alikuja na fimbo yake akakaa uani kutwa nzima akipokea wageni kama mtu wa nyumbani.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo alibadilika moyo na hadithi ikaisha. Mwisho wa mwezi komite ilikaa tena. Pasta alisema ukurasa umefanya kazi yake, mama amejulikana, sasa kuna haja gani ya kuendelea kumeza matusi ya watu wale? Wazee wakakubali kwa kichwa, wa pande zote mbili. Niliwaambia kwamba mdomo uliotutukana ndio ule ule ulioleta habari, na kwamba hakuna namna ya kufuata nusu ya mtu. Niliwauliza akina Dorika wengine, ambao mama zao bado hawajatajwa, watasikia kupitia dirisha gani. Papa Shemu aliniambia kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli, "Mutoto, tumechoka kusikia. Toa." Nikasema kidole changu hakitafanya kazi hiyo. Nikaweka simu mezani mbele yake, nikamwonyesha hatua kwa hatua, kama ninavyomwonyesha mtu yeyote: fungua hapa, shuka hapa, bonyeza pale. Alipofungua, picha ya juu ilikuwa ile ya daraja.

"Mawe ya hii daraja," akasema, "nilibeba mimi. Nikiwa kijana. Sisi na bo, batu ba milima, pamoja."

Akaitazama. Kisha akabonyeza. Akaenda kwenye Wana wa Bonde, akabonyeza na huko pia, kwa haki.

Simu ikapewa kijana wa sauti ya tatu, na mimi nikaambiwa nikae nje ya kwaya mpaka nitakaporudi kwa unyenyekevu. Jumapili iliyofuata nilikuja bila sare, nikakaa tuta la kwanza la waumini, karibu kabisa na madhabahu, nikaimba sauti yangu kwa nguvu zote. Hakuna kanuni inayomkataza muumini kuimba vizuri. Mama mnene aliniona, akacheka katikati ya ubeti, akalazimika kusubiri kiitikio.

Mwaka ule haukuisha kabla sijahamia Mbarara kujifunza kushona. Njiani, pale Kabingo, nilinunua ndizi mbivu nikala zote. Wiki ya kwanza nilitafuta chumba cha intaneti, nikapata kimoja cha mama mmoja, mke wa askari wa kambi ya Makenke, aliyezungumza Kiswahili cha kambi ya jeshi. "Dada, keti hapa," akaniambia. "Hii mashine iko polepole, lakini anafika. Wewe nataka fungua nini?" Nikasema nataka akaunti yangu mwenyewe, kwa jina langu mwenyewe. Ilipofunguka, mashine ikanipendekezea watu maarufu wa kila namna. Mama yule aliinama begani kwangu, akauliza, "Sasa nafuata nani kwanza?" Nikaandika Ukungu wa Kwetu. Nikaandika Wana wa Bonde. Akasoma mistari miwili ya kila mmoja, akaguna. "Lakini hawa nagombana." Nikasema ndiyo, wanagombana, na ndiyo maana nawataka wote wawili. Kila niliporudi Nakivale kwa mapumziko, sasa nikiwa na simu yangu mwenyewe, watu walinijia bila komite kujua. Walikaa uani kwangu, wa bonde na wa milimani, nikawasomea. Baadhi walisikia majina waliyoyangoja. Wengi hawakuyasikia.

Ndiyo sababu nikiulizwa na vijana wamfuate nani, simpi mtu orodha. Nasema mtu asibonyeze kwa niaba yako kabla hujasoma, hata akiwa mzee mwema aliyekusimamishia nguzo za nyumba. Ukichoka, toka, Dorika alichoka, na alikuwa na haki. Lakini utoke kwa kidole chako.

Ugali ulipoiva niliuleta mezani pamoja na sombe na samaki. Dorika alinawa, akala kwa vidole, kama mtu aliyekuwa ameutamani mkao ule kuliko chakula chenyewe. Aliposhiba alifuta mkono, akaisukuma simu upande wangu.

"Fimbo bado iko?"

"Bado. Amezeeka, ameoa, ana watoto."

"Na bado anatukana?"

"Jana tu alinitukana."

Akasogeza kiti chake karibu na changu, kama tulivyokuwa tukikaa kwenye tuta la udongo. "Basi soma, Yaya," akasema. "Usiruke."